Dume linapanda vizuri ila ng'ombe hawashiki mimba, je ni dawa za nyanya?

Ndugu yetu mmoja wa Ilula, Iringa, ameniuliza swali ambalo nimeona nilijibu kwa urefu maana wafugaji wengi wanaopakana na mashamba ya mboga wanalo hilo hilo. Anasema ana dume chotara la Frizian la miaka 4, mwaka jana lilipanda majike sita na yote yakashika, mwaka huu limepanda saba na matano yamerudi kwenye joto, mengine mara mbili. Dume lina hamu, linapanda, linamaliza, linakula vizuri. Anachoona kimebadilika ni jirani aliyefungua vinyungu (bustani za bondeni) vya nyanya upande wa juu, anapulizia dawa kila wiki, na ng'ombe wanakunywa kwenye kijito kinachopita chini ya hivyo vinyungu, nyanya zikishavunwa wanaachiwa masalia wamalizie. Halafu kuna ndama dume kazaliwa mwezi wa 9 ana korodani moja tu, ya pili haionekani. Mwishoni kataja kama kwa kupita tu kwamba dume huwa analiazimisha kwa majirani, analilisha mashudu ya pamba siku hizi kwa sababu ya alizeti yamepanda bei, na kwamba ana mtamba mwenye mimba ya kama miezi 2. Anauliza, hizi dawa zinaweza kuharibu mbegu za dume?

Kaka, zinaweza, tena hilo halina ubishi. Ila kwa dume lako la miaka 4 dawa ya nyanya sio mshukiwa wangu wa kwanza, na huyo ndama ni habari nyingine kabisa, na mtamba uliyemtaja mwishoni ndo anayenipa wasiwasi kuliko wote. Nitaeleza kwa nini, nivumilie.

Tuanze na dume. Dume linaloazimishwa likianza kupanda na majike yanarudi joto, kitu cha kwanza mtu wa uzazi wa mifugo anafikiria ni magonjwa ya kuambukizana kwa kupanda, yaani trikomona na vibrio. Dume likiwa nayo haliumwi, halikondi, hamu iko pale pale, linabeba tu wadudu kwenye ngozi ya uume na kumwachia kila jike, jike linashika halafu kijusi kinakufa kikiwa kidogo sana hata hukioni, wewe unaona tu karudi joto, mara nyingi kwa siku zisizo za kawaida. Ukikuta majike yanarudi baada ya siku 30 au 40 badala ya zile 21, hapo fikiria ugonjwa kabla ya kufikiria sumu. Brusela nayo ipo, ile ya kutupa mimba, inaweza kukaa mpaka kwenye korodani zenyewe. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kusimamisha kuazimisha, leo, na kuita daktari wa mifugo achukue damu na maji ya kuoshea govi la dume, Iringa hapo mna kituo cha TVLA, wakala wa maabara za mifugo, hamna haja ya kusafiri mbali.

Hatua ya pili ni kulipima dume lenyewe. Hapa watu wanakosea sana, wanaangalia hamu. Hamu na mbegu ni vitu viwili, dume linaweza kupanda kutwa nzima na shahawa yake haina kitu. Daktari atashika korodani kwa mikono miwili azivute chini taratibu, korodani nzima inajaa mkononi, imekaza kiasi, kama embe lililokomaa ila halijaiva, ukibonyeza inarudi. Iliyoharibika inakuwa teketeke kama embe bivu, na ikikaa hivyo muda mrefu inasinyaa na kuwa ngumu kama kokwa. Kisha anazungusha futi ya fundi cherehani sehemu iliyonenepa zaidi, kipimo wanachotumia Marekani kwa dume lililopita miaka 2 ni sentimita 34 kwenda juu, madume yetu ya asili huwa na ndogo kidogo ila la kwako la chotara lisiwe mbali na hapo. Halafu shahawa. Tone moja chini ya hadubini, bila kipimo chochote cha ajabu, shahawa nzuri inazunguka kama vumbi la kimbunga, mawimbi meusi yanapishana, hata asiyesoma anaelewa kwamba hapa pana uhai. Mbaya imetulia tu, mbegu zinatetemeka pale pale au zimelala. Ukikuza zaidi unaanza kuona vichwa bila mikia, mikia iliyojikunja kama ndoana. Viwango vya chini ni kwamba asilimia 30 ya mbegu ziwe zinaogelea kwenda mbele na asilimia 70 ziwe na umbo la kawaida, chini ya hapo dume halifai kwa wakati huo.

Nasema kwa wakati huo kwa sababu kuna jambo ukilielewa utaelewa nusu ya habari yote hii. Mbegu ya ng'ombe inatengenezwa kwa siku kama 61 ndani ya korodani, halafu inakaa wiki moja hadi mbili kwenye ule mrija wa nyuma ikikomaa. Yaani shahawa unayoiona leo ilianza kutengenezwa miezi miwili na zaidi iliyopita. Dume likila sumu mwezi wa 3 utaona matatizo mwezi wa 5, wakati huo umeshasahau kilichotokea, unatafuta mchawi wa mwezi wa 5. Na upande wa pili, ukiondoa sumu leo usitegemee nafuu kesho kutwa, pima tena baada ya siku 70. Kwa mbuzi na kondoo ni kama siku 48, mbwa ni 60 na kitu, jogoo ni wiki mbili tu. Kwa hiyo chukua kalenda, andika tarehe jirani alizoanza kupulizia, tarehe ng'ombe walipoingizwa kula masalia, tarehe ulipoanza mashudu ya pamba, tarehe dume lilipougua homa kama liliwahi kuugua, maana homa peke yake inatosha kuharibu mbegu, korodani zinaning'inia nje kwa sababu zinataka baridi, nyuzi 2 hadi 6 chini ya joto la mwili.

Hayo mashudu ya pamba sasa. Watu wanaogopa dawa ya dukani wanasahau sumu iliyomo kwenye chakula. Mbegu ya pamba ina kitu kinaitwa gosipoli, mmea unajitengenezea wenyewe kujikinga na wadudu. China miaka ya 1970 waliijaribu kama dawa ya uzazi wa mpango kwa wanaume, kwa hiyo nguvu yake usiidharau. Inaharibu ile sehemu ya katikati ya mbegu, kwenye injini inayosukuma mkia, ukiangalia kwenye hadubini unaona shingo zimekatika au zimetoboka. Ng'ombe mkubwa tumbo lake linapunguza makali ya hiyo sumu ndo maana majike ya maziwa yanakula bila shida, ila dume la kupanda mimi silipi mashudu ya pamba kabisa, na ndama nao wasipewe. Uzuri ni kwamba ukiacha, mara nyingi mbegu zinarudi. Kwa dume lako hiki nakiweka juu ya dawa ya jirani.

Nikirudi kwenye dawa zenyewe. Kwenye nyanya watu wanapiga mankozebu, karbendazimu, klopirifosi, profenofosi na zile za jamii ya pareto za kutengenezwa kiwandani, mara nyingi wanachanganya mbili tatu kwenye bomba moja. Haziko sawa. Ya jamii ya pareto ukiniuliza kama itaharibu dume kwa kiasi kinachofika kwenye kijito nitasema sidhani, samaki ndo watakufa kwanza. Klopirifosi na profenofosi zinagusa mishipa ya fahamu, kwa kiasi kikubwa zimeshusha testosteroni, homoni ya kiume, kwa panya wa maabara, ila ng'ombe aliyekula kiasi hicho ungemwona anatoa mate na kutetemeka. Karbendazimu ndo ya kuiangalia. Hii ni dawa ya ukungu, inaua ukungu kwa kuvunja vile vijiti vidogo sana vinavyoshikilia umbo la seli, na kwa bahati mbaya korodani imejaa vijiti hivyo hivyo. Ndani ya korodani kuna seli za Sertoli, hizi mimi naziita walezi, kila mlezi kabeba mbegu changa kadhaa anazilisha na kuzisukuma taratibu mpaka zikomae. Karbendazimu ikivunja vijiti vya mlezi, mbegu zinamdondoka kabla ya wakati, zinaenda kwa fungu na kuziba mirija ya kutokea, na mrija ukiziba korodani inavimba kwa ndani halafu inasinyaa. Kwa panya hili limeonyeshwa mara nyingi, dozi moja kubwa tu inaweza kufanya hivyo. Kwa hiyo nenda kwa jirani kistaarabu, muombe uone makopo, soma jina la kiambato na sio jina la biashara, maana jina la biashara haliniambii chochote.

Kuna kisa kimoja ambacho nikifundisha vijana siachi kukisimulia. Kulikuwa na dawa ya minyoo ya udongo inaitwa DBCP. Mwaka 1961 watafiti walichapisha kwamba panya na sungura waliovuta mvuke wake korodani zao zilisinyaa. Imeandikwa, iko wazi. Dawa ikaendelea kutengenezwa na kuuzwa, ikamwagwa kwenye mashamba ya ndizi Amerika ya Kati. Mwaka 1977 wafanyakazi wa kiwanda kimoja Lathrop, California, wakaanza kuongea wenyewe kwa wenyewe kwamba mbona hakuna anayepata mtoto, wakaenda kupima, wengi wakakutwa hawana mbegu au wana chache sana. Miaka 16 tangu panya waseme. Kwa hiyo mfugaji akiniambia dume lake limebadilika mimi sichukulii kama swali la ng'ombe peke yake, na wewe unakunywa maji ya bonde hilo hilo.

Sasa naomba unisikilize kwa makini hapa, maana ndo kiini cha jibu langu. Dume zima ni kama kiwanda kilichokwisha kujengwa, sumu ikiingia inasimamisha kazi, ukiitoa kwa wakati kazi inaendelea. Dume lililoko tumboni ni kiwanda kinachojengwa. Hao walezi niliowataja, seli za Sertoli, wanazaliana wakati mnyama yuko tumboni na akiwa mdogo kabla ya kubalehe, baada ya hapo basi, idadi imefungwa. Kila mlezi ana uwezo wa kubeba mbegu chache tu, kwa hiyo idadi ya walezi aliyozaliwa nayo ndo inaamua atatoa mbegu kiasi gani maisha yake yote, umlishe umchanje utakavyo. Na kwa ng'ombe korodani zinaanza kujitofautisha kama siku ya 40 ya mimba, testosteroni inaanza kutoka, hiyo ndo inaamrisha uume ujengeke, na kama mwezi wa 3 kwenda wa 4 korodani zinashuka kwenda kwenye mfuko. Kikitokea kitu cha kuziba hiyo sauti ya testosteroni katika siku hizo, hakuna kurudia. Mama anaweza asionyeshe dalili hata moja.

Mwaka 1950 huko Marekani watafiti wawili walichoma vijogoo vya aina ya Leghorn sindano za DDT, dawa ya kuua wadudu, kila siku. Vijogoo vilikua, havikufa, ila vilipofika umri wa kuwika vilikuwa kama mitetea, kilemba kichwani kidogo kimefifia, na walipowapasua wakakuta korodani ndogo ajabu. Kila anayefuga kuku anajua kilemba cha jogoo ni kipimo cha testosteroni, hauhitaji maabara. Ilichukua mpaka mwaka 1995 ndo ikaeleweka vizuri kwamba DDT ikivunjika mwilini inakuwa DDE, na hiyo DDE inaenda kukaa kwenye kiti cha testosteroni na kumzuia mwenyewe asikae. Testosteroni ipo, ila haina pa kukaa.

Mfano mwingine ambao kwa mfugaji una maana zaidi ni wa kondoo wa Scotland. Pale hakuna aliyemwagiwa sumu wala kuchomwa sindano. Waliwachunga tu kondoo wenye mimba kwenye malisho yaliyowekwa mbolea ya matope ya majitaka, kitu kinachofanyika na wakulima wa kawaida, matope yale yana mabaki kidogo kidogo ya kila kitu, sabuni, plastiki, dawa, madini. Kondoo mama walikuwa wazima. Vijusi vya kiume vilipochunguzwa mimba ikiwa na siku 110, korodani zilikuwa nyepesi, walezi wachache, seli za kutengeneza testosteroni chache, mbegu za mwanzo chache, matokeo yalichapishwa mwaka 2005. Baadaye wakafuatilia wengine mpaka wakawa madume makubwa, na hapa ndo pananitisha, wengi walikuwa sawa ila baadhi yao korodani zilikuwa na mirija mitupu isiyo na mbegu. Ukiangalia zizi zima unasema wako salama, kumbe kuna wachache walioumia kabisa, na ukibahatika vibaya mmoja wao ndo umemchagua awe dume lako la mbegu.

Na wanyama wa porini wametuonyesha hivyo hivyo. Ziwa Apopka kule Florida mwaka 1980 kulimwagika dikofoli, dawa ya kuua utitiri, iliyokuwa na DDT ndani yake, juu ya maji ya mashamba yaliyokuwa yanaingia siku zote, na miaka ya 1990 profesa Louis Guillette na wenzake wakakuta aligeta madume wachanga wana testosteroni ya chini na uume mdogo kuliko wa maziwa mengine. Hawa walizaliwa miaka mingi baada ya lile tukio. Huku Afrika, hifadhi ya Rietvlei karibu na Pretoria, profesa Riana Bornman na wenzake walipima pofu, korodani zikawa na makovu na vipande vilivyogeuka chokaa, na kwenye mafuta ya mwili wakakuta nonilifenoli, mabaki ya aina fulani ya sabuni za viwandani. Bwawa la pale pale, kambale madume walikutwa na mayai ndani ya korodani. Nimemtaja kambale makusudi kwa sababu ni samaki mnayemjua, na mkimvua kwenye kijito chenu mkimpasua angalieni.

Mbwa nao, kwa wanaosema haya ni ya porini. Chuo Kikuu cha Nottingham walifuatilia miaka 26, kuanzia 1988 mpaka 2014, shahawa za mbwa madume wanaotumika kuzalisha mbwa wa kusaidia walemavu, mbwa wanaotunzwa vizuri mno, na asilimia ya mbegu zinazoogelea ikawa inashuka kadiri miaka inavyoenda, kwenye korodani na kwenye chakula cha mbwa cha dukani wakakuta kemikali za kulainishia plastiki na PCB, kemikali za viwandani za zamani.

Sasa huyo ndama wako wa korodani moja. Natamani ningekuambia ni dawa, ungekuwa na wa kumlaumu, ila sitakuambia hivyo. Korodani kutoshuka ni tatizo linalorithiwa pia, na umesema dume lako ni lile lile, na kama mama yake ni binti wa dume hilo basi umeshajua. Kule Florida tena kulikuwa na chui wa milimani wachache waliobaki, madume wengi korodani hazishuki, wanasayansi wengine wakashuku sumu, na kulikuwa na sababu ya kushuku. Mwaka 1995 wakaletwa majike 8 kutoka Texas kuongeza damu mpya, watoto waliozaliwa tatizo likapungua sana. Ilikuwa ni kuzaliana ndugu kwa ndugu. Kwa hiyo huyo ndama mhasi au mnenepeshe umchinje, asipande kamwe, iwe ni kurithi au ni sumu. Lakini andika, ndama fulani, mama fulani, mimba iliingia mwezi gani. Akizaliwa wa pili kutoka kwa mama mwingine asiye na undugu, naye kakaa mimba changa msimu wa kupulizia, hapo nitabadili maneno yangu.

Kuhusu maji, sumu nyingi haziingii kijitoni kwa upepo wa kupulizia, zinaingia siku ya kuosha bomba. Nimesimama kwenye mabonde mengi nikaona, mtu anamaliza kazi jua likiwa kali, anashuka mtoni na bomba mgongoni, anafungua mfuniko, anajaza maji, anatikisa, anamwaga pale pale anaposuuzia na mikono, kopo tupu linabaki kwenye majani. Ukimuomba jirani kitu kimoja tu muombe hicho, asuuze bomba na makopo mara tatu akiwa shambani na yale maji ayapulizie kwenye nyanya zile zile, makopo ayatoboe asiache mtu akayageuza ya kuchotea maji ya mifugo. Masalia ya nyanya usiwape ng'ombe hata kama hayajapuliziwa, majani ya nyanya yenyewe yana sumu ya asili na yakiwa na dawa juu yake ni mara mbili, na zile siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye lebo zimepigiwa hesabu kwa ajili ya tunda, majani hayamo. Na ukisikia mtu anauza unga wa zamani usio na lebo kwamba ni dawa kali ya wadudu, usiuguse. Pale Vikuge, Kibaha, shehena ya dawa zilizoletwa kama msaada mwaka 1986 iliachwa ghalani mpaka ghala likachakaa, na wapimaji walipokuja miaka mingi baadaye DDT ilikuwa bado imo kwenye udongo. Hiyo kitu haiozi haraka, inapanda kwenye majani, inaingia kwenye mafuta ya ng'ombe, na jike likizaa inatoka na maziwa kwenda kwa ndama.

Kupima mabaki ya dawa kwenye maji au maziwa kunawezekana, TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu) Arusha na Mkemia Mkuu wa Serikali wanafanya, ila ni gharama na lazima uwaambie wanatafuta nini, ndo maana nataka majina ya viambato kwanza. Anza na vya bei rahisi, damu, maji ya govi, shahawa. Acha mashudu ya pamba. Kwa majike yaliyorudi tumia uhimilishaji msimu huu, usilazimishe dume. Baada ya siku 70 pima shahawa tena, ukikuta imerudi na magonjwa hayapo, basi tujue ilikuwa chakula au sumu ya kupita, na tarehe zako kwenye kalenda zitatuambia ipi.

Na mtamba. Umesema mimba ina miezi 2, yaani siku hizi hizi ndo kiwanda kinajengwa kama kabeba dume. Huyo usisubiri majibu ya maabara wala usisubiri kuongea na jirani. Mtoe kijitoni leo, mchotee maji ya kisima au ya juu ya vinyungu umwekee kwenye pipa lililo safi, ambalo halijawahi kuwekwa dawa, mkatie majani upande ambao hapapuliziwi, na siku ya kuogesha kupe muogeshe kwa kipimo kilichoandikwa, usiongeze kifuniko cha ziada. Mweke hivyo mpaka miezi 5 angalau. Akizaa dume, akifikisha wiki chache mshike mfuko wa korodani kwa vidole, uhesabu mbili, halafu uniandikie.